Mbegu Moja, Miche Mitatu: Kuotesha Mlimao Nyumbani na Kujibu Maswali ya Uzazi, Ukuaji na Urithi

Mada zinazoguswa: uzazi katika mimea inayotoa maua, uotaji wa mbegu na ukuaji, urithi na tofauti kati ya viumbe.

Vifaa: malimao mawili au matatu yaliyoiva vizuri, kopo au chupa ya maji iliyokatwa, udongo, rula, daftari. Vyote vinapatikana nyumbani.

Kuna sentensi ambayo karibu kila mtahiniwa wa kidato cha nne ameikariri: mmea unaotoka kwenye mbegu hutofautiana na mzazi wake, na mmea unaotoka kwenye kipande cha shina au jicho hufanana na mzazi wake. Kwa mpapai na mahindi sentensi hiyo inakutosha. Ukiipeleka kwenye mlimao ulioota nyuma ya jiko lenu, itakuangusha. Mbegu ya limao inaweza kutoa mche ambao kijeni ni nakala ya mama, na mbegu hiyohiyo inaweza kutoa mche mwingine ambao ni mtoto halisi wa mama na baba. Mtahiniwa anayeelewa kwa nini iko hivyo ameelewa meiosisi, utungisho na uzazi usio wa kijinsi kwa pamoja. Aliyekariri tu atajua la kuandika pale tu swali litakapokuja kwa maneno yaleyale ya daftari.

Mtihani wa Baiolojia unaujibu kwa Kiingereza, najua. Somo hili limeandikwa kwa Kiswahili kwa makusudi, kwa sababu jambo usiloweza kumweleza mdogo wako jikoni huwezi kulieleza vizuri kwa msahihishaji. Lielewe kwanza hapa, kisha rudi kwenye daftari lako uyaandike majibu kwa lugha ya mtihani.

Kuotesha

Chagua limao lililoiva mtini, lenye ganda la njano. Likate kwa uangalifu ili kisu kisipasue mbegu. Toa mbegu, zioshe mpaka utelezi uishe, kwa kuwa utelezi huo una sukari na sukari hukaribisha ukungu. Ziloweke kwenye maji usiku mmoja. Zinazoelea asubuhi mara nyingi hazina kitu ndani, ziache.

Hapa wengi huharibu. Wamezoea mbegu za mahindi na maharage, zinazokaushwa juani na kuhifadhiwa mpaka mvua inyeshe. Mbegu ya limao haivumilii ukavu wa namna hiyo. Ikikauka sana, kiinitete hupoteza uwezo wa kuota. Ioteshe siku ileile au kesho yake. Ukilazimika kusubiri, ifunge kwenye kitambaa chenye unyevunyevu na uiweke mahali penye ubaridi.

Changanya udongo wa juu wenye rutuba, kwa mfano ule wa chini ya migomba, sehemu tatu. Samadi iliyooza kabisa sehemu moja. Na mchanga wa mtoni sehemu moja. Toboa kopo chini ili maji yasituame. Panda mbegu kwenye kina cha sentimita moja hadi moja na nusu, ukiziachia nafasi ya sentimita tano hivi kati ya moja na nyingine. Mwagilia udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Weka kopo penye joto, kivulini kidogo. Upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ilipo Matombo, hupokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na mvua zake ni nyingi kuliko upande wa magharibi. Kwa hiyo kwako tatizo kubwa litakuwa maji kuzidi. Kopo lisilotoboka katika masika ya Matombo ni kaburi la mbegu: maji yanajaza nafasi za hewa, oksijeni inakosekana, kiinitete hakiwezi kupumua, mbegu inaoza. Hapo umeshapata hoja moja ya swali la masharti ya uotaji, na una mfano wake.

Katika joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi mche huchomoza kwa kawaida kati ya wiki mbili na nne. Kwenye vijiji vya juu mlimani, kwenye baridi zaidi, utasubiri zaidi. Ukitaka kuharakisha, menya ganda la nje la mbegu kwa kucha, taratibu, bila kuumiza kilichomo. Usimenye zote. Menya kumi, acha kumi, panda katika makopo mawili yanayofanana kwa udongo, maji na mahali. Hilo ni jaribio lenye kidhibiti. Kitu kimoja tu kinatofautiana, nacho ni ganda. Zilizomenywa zikitangulia, utaweza kuandika kwamba ganda lilikuwa linachelewesha maji na oksijeni kuingia, na hakuna atakayekuambia umekariri.

Kinachoonekana ndani ya kopo

Baada ya wiki moja hivi fukua mbegu moja. Utaona radikoli, yaani mzizi mchanga, ndiyo imetangulia kutoka, tena kupitia ncha iliyochongoka, kwenye kitundu cha mikropaili. Ndiyo kawaida: mmea hujishikiza na kutafuta maji kwanza, kisha hutafuta mwanga. Plumuli hufuata.

Sasa linganisha na mche wa maharage. Maharage huinua kotiledoni zake juu ya ardhi, zikapata rangi ya kijani, kisha zikanyauka. Huo ni uotaji wa juu ya ardhi, na sehemu inayorefuka ni haipokotili. Limao halifanyi hivyo. Kotiledoni zake hubaki chini, na sehemu inayorefuka ni epikotili. Kinachochomoza ni kijishina chembamba chenye majani mawili ya kwanza yanayotazamana. Katika madaftari ninayosahihisha, majani haya mawili huitwa kotiledoni mara nyingi mno. Si kotiledoni. Ni majani ya kweli, na njia ya kuthibitisha ni kufukua udongo kidogo uone kotiledoni nene zikiwa bado pale chini zimeshikamana na mche. Kosa jingine la kawaida ni kuandika kwamba mimea yote yenye kotiledoni mbili huota juu ya ardhi. Limao lina kotiledoni mbili na huota chini ya ardhi.

Majani yatakayofuata baada ya yale mawili hayatazamani tena, yanapishana. Chezea jani moja kwa vidole, linuse. Harufu unayoipata inatoka kwenye vifuko vya mafuta vinavyoonekana kama vidoti ukilishika jani dhidi ya mwanga.

Miche mitatu kutoka mbegu moja

Sasa kiini cha somo. Ukihesabu miche yako baada ya wiki tano au sita, usishangae ukikuta inazidi mbegu ulizopanda. Mahali ulipoweka mbegu moja panaweza kuwa na miche miwili, mitatu. Wengine hufikiri mbegu zilishikana kidoleni. Ukitaka uhakika, chukua mbegu nyingine, menya ganda jeupe la nje na utando wa kahawia ulio chini yake, kisha tenganisha kilichomo kwa sindano. Mara nyingi utakuta viinitete zaidi ya kimoja, kimoja kikubwa na vingine vidogo vimejibanza upande wa ncha. (Ukifanya hivyo kwa mbegu ya chenza, kotiledoni mara nyingi zitakuwa za kijani. Ni uzuri wa kutazama tu, hauna alama.)

Jambo hili halikugunduliwa jana. Leeuwenhoek, yuleyule uliyemsoma kwenye historia ya hadubini, alieleza mwaka 1719 kwamba mbegu ya chungwa inaweza kuwa na viinitete viwili. Mwanabotania wa Ujerumani, Strasburger, ndiye aliyeeleza mwaka 1878 vile vya ziada vinatoka wapi.

Vinatoka kwenye mwili wa mama. Kumbuka mchoro wa ovuli: katikati kuna mfuko wa kiinitete wenye seli ya yai, na kuuzunguka mfuko huo kuna tishu iitwayo nuselasi. Tishu hii ni ya mama mtupu, haijapitia meiosisi. Katika mimea mingi kazi yake ni kulisha na kukinga, kisha inaisha. Kwenye limao, chungwa, chenza na ndugu zao, baadhi ya seli za nuselasi huanza kugawanyika kwa mitosisi, zinasogea ndani ya mfuko wa kiinitete na kujijenga kuwa viinitete kamili. Wakati huohuo yai lililokutana na gameti ya kiume limekuwa zaigoti, nayo inajijenga kuwa kiinitete chake. Wote wanakaa ndani ya ganda moja: mtoto wa baba na mama, pamoja na nakala za mama.

Kromosomu zitakusaidia kulishika hili. Seli ya kawaida ya mlimao ina kromosomu 18. Fuatilia:

Seli ya yai imepitia meiosisi, ina 9. Gameti ya kiume kwenye chavua ina 9. Zaigoti ni 9 na 9, yaani 18. Endospermu hutokana na viini viwili vya mfuko wa kiinitete vikiungana na gameti ya kiume ya pili, kwa hiyo 9 na 9 na 9, yaani 27. Seli ya nuselasi ina 18, na kiinitete kinachotokana nayo kina 18.

Tazama tena. Kiinitete cha zaigoti kina 18, cha nuselasi kina 18. Idadi haikwambii yupi ni yupi. Tofauti iko kwenye asili ya hizo 18: kwa mmoja nusu zimetoka kwa mama na nusu zimetoka kwenye chavua, kwa mwingine zote ni za mama. Swali linaloweza kukutenganisha na wenzako liko hapa, kwa sababu wengi hudhani idadi ikiwa sawa basi viumbe ni sawa. Na usiseme endospermu ndiyo chakula cha mche wa limao. Mbegu ikikomaa endospermu imeshatumika karibu yote, na chakula kiko kwenye kotiledoni.

Kwa macho huwezi kuwatambua kwa uhakika. Wenye vitalu hutumia kanuni ya kawaida: miche inayofanana kwa urefu, umbo la majani na kasi huchukuliwa kuwa nakala za mama, ule mmoja uliosinyaa, au wenye majani ya ajabu, hung'olewa. Huenda wakang'oa mtoto mwenye sifa mpya nzuri, lakini mwenye kitalu anatafuta miche inayofanana, hatafuti bahati.

Si jamii zote za machungwa na malimao zilivyo sawa katika hili. Limao kali, lile lenye ganda la manundu linalotumika sana kwenye vitalu, hutoa karibu miche yote kutoka kwenye nuselasi. Limao la kawaida liko katikati, limechanganyika. Balungi kubwa lenye ganda nene sana, ambalo jina lake la kisayansi ni Citrus maxima, hutoa kiinitete kimoja tu kwa mbegu, kile cha zaigoti. Kwa hiyo kwa balungi hilo ile sentensi ya kukariri inarudi kuwa sahihi.

Limao lenyewe ni chotara. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba lilitokana na mti wa jamii ya furungu la kale, Citrus medica, kukutana na mdanzi. Mdanzi nao ulishakuwa chotara wa balungi na chenza. Ndiyo maana mche uliotoka kwenye zaigoti unaweza kuwa tofauti sana na mama yake: mama ana aleli zilizochanganyika, na meiosisi inazigawa upya kila mara. Ndiyo maana pia uzazi wa nuselasi una faida kwa mti huu. Unahifadhi mchanganyiko uliofanikiwa bila kuuvuruga. Hasara yake unaijua tayari kutoka mada ya mageuzi: wote wakifanana, ugonjwa unaommaliza mmoja unaweza kuwamaliza wote.

Kukua, na kusubiri

Kila Jumamosi pima urefu wa mche kutoka usawa wa udongo hadi ncha, na uhesabu majani. Chora grafu, muda kwenye mhimili wa chini. Mwanzoni mstari utapanda polepole, kisha kwa kasi. Mkunjo wote wenye umbo la S hutaupata kwa miezi mitatu, kwa sababu mlimao ni mti wa miaka mingi. Usilazimishe mstari ujikunje juu ili ufanane na wa kitabuni. Andika ulichokiona.

Mche wenye majani manne au matano uhamishie kwenye kiriba chake peke yake. Utagundua una miiba mirefu, pengine kuliko mlimao mkubwa uliotoa tunda. Miiba ni dalili ya utoto wa mti. Mti uliotoka kwenye mbegu, hata ukiwa nakala ya mama kijeni, huanza maisha upya: unapita kipindi cha utoto ambacho hauwezi kutoa maua hata ukiwekewa samadi gunia zima. Kwa limao kipindi hicho kwa kawaida ni kati ya miaka mitatu na sita, wakati mwingine zaidi. Kwa chungwa ni kirefu zaidi. Jicho lililokatwa kwenye tawi la mti unaozaa limeshavuka utoto. Ukilibebesha kwenye mche mchanga, mti huo unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi minne.

Hii si hesabu ya mtihani tu. Watahiniwa wengi wa huku hawatakwenda kidato cha tano moja kwa moja, na familia nyingi za Matombo zinaishi kwa ndizi, machungwa, viungo na kile kinachoshushwa kwenye barabara ya Bigwa hadi Kisaki siku ya gulio. Miaka mitatu ya tofauti ni mavuno matatu.

Kwa nini basi tuoteshe mbegu? Kwanza, kwa sababu mche wa kubebesha wenyewe una mbegu chini yake. Limao kali huoteshwa kwa mbegu, hutoka miche inayolingana, yenye mizizi yenye nguvu na inayovumilia ukame. Shina likifikia unene wa penseli, hukatwa mkato wa umbo la herufi T kwenye gome, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, jicho la mchungwa bora likapachikwa na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Kambiamu ya jicho na ya shina zikigusana, seli hugawanyika na kuunganisha mishipa ya maji na ya chakula. Mwanafunzi mwenye miche ishirini ya limao kali nyumbani ana mtaji wa kitalu.

Pili, kuna magonjwa yanayosafiri kwenye vijiti vya macho lakini hayapiti kwenye mbegu kwa kawaida. Ugonjwa unaoyafanya majani yawe na mabaka ya njano na matunda kubaki madogo, yaliyopinda na machungu, husababishwa na bakteria anayeishi kwenye mishipa ya chakula ya mti. Husambazwa na wadudu wadogo wanaofyonza majani machanga, na husambazwa na binadamu anayekata jicho kwenye mti mgonjwa. Aina ya Asia ya wadudu hao imeshathibitishwa mkoani Morogoro katika muongo wa 2010. Kwa hiyo usichukue macho kwenye mti wowote tu kwa sababu ni wa jirani. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata. Kwa mkoa wetu pia kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro mjini.

Mchungwa uliogeuka mlimao

Utasikia wazee wakisema: nilipanda mchungwa, umegeuka mlimao. Mti haukugeuka. Chini ya kiungo cha kubebesha kuna shina la limao lenye macho yake, na macho hayo yakichipua na kuachwa, yanakua kwa kasi kuliko chungwa, yanalifunika, na tawi la chungwa linakufa kwa kukosa mwanga. Kinachobaki ni mlimao uliokuwepo tangu mwanzo. Dawa ni kukata kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo, likiwa bado laini.

Linalofuata kutoka hapo ni swali zuri sana: kwa nini basi chungwa lililosimama kwenye mizizi ya limao haliwi kali? Kwa sababu mizizi inapeleka maji na madini, haipeleki jeni. Seli za tunda zinatokana na jicho la chungwa, na jeni zilizo kwenye viini vya seli hizo ndizo zinazoongoza utengenezaji wa sukari na asidi. Kweli, mizizi ya limao kali huweza kulifanya chungwa lipungue utamu kidogo, kwa kuwa mti unavuta maji mengi na kukua haraka. Hiyo ni athari ya mazingira ya tunda, si ya urithi. Ukipanda mbegu ya chungwa hilo hutapata limao.

Kuuhamishia shambani

Mche ukifika sentimita 30 hadi 45 na masika yakianza, chimba shimo la sentimita 60 kwa kila upande. Udongo wa juu uweke kulia, wa chini uweke kushoto. Wakati wa kufukia, ule wa juu ukichanganywa na samadi ndio uende kwenye mizizi. Kwenye miteremko yetu udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na historia ya hapa inajua gharama ya kulisahau hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kazi iliyochosha watu na mara nyingi ikafukua udongo usio na rutuba ukaja juu. Upinzani ulilipuka hapahapa Matombo mwaka 1955. Kwenye somo la Historia utaukuta upande wa siasa. Upande wa Baiolojia ni huo wa tabaka za udongo.

Acha mita sita hivi kati ya mti na mti. Usifukie kiungo cha kubebesha, na usirundike udongo shinani, maana ukungu wa udongoni huozesha gome la jamii hii.

Na uliza shamba ni la nani. Kwa desturi ya Uluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mti wa kudumu si kama tuta la maharage linaloisha msimu. Kijana anayepanda mlimao kwenye shamba alilopewa baba yake kulima, ambalo ni la ukoo wa bibi mzaa baba, anaweza kuanzisha maneno asiyoyajua. Wajomba na wazee wa ukoo wakiambiwa mapema, mti unakua kwa amani.

Wadudu utawaona mapema. Michirizi ya rangi ya fedha ndani ya jani ni njia za kiwavi mdogo anayekula katikati ya ngozi mbili za jani. Viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege, ambao wakikua hugeuka kijani, ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi na njano, Papilio demodocus. Mguse mmoja kichwani kwa kijiti: atatoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Hapo una mifano miwili ya kujilinda, kujificha kwa umbo na kutisha kwa harufu. Wachache unawaokota kwa mkono. Mche mdogo wenye majani manane hauwezi kulisha viwavi watatu.

Maswali ya kujipima

1. Mwanafunzi alipanda mbegu 20 za limao. Baada ya wiki sita mbegu 16 zilikuwa zimeota, na miche ilikuwa 23. (a) Kokotoa asilimia ya uotaji. (b) Ikiwa hakuna mbegu iliyotoa zaidi ya miche miwili, mbegu ngapi zilitoa miwili?

Jibu: (a) Kinachohesabiwa ni mbegu zilizoota, si miche. 16 kugawanya kwa 20, mara 100, ni asilimia 80. Aliyeandika 115 alitumia 23, na asilimia ya uotaji haiwezi kuzidi 100. (b) 23 toa 16 ni 7. Mbegu saba zilitoa miche miwili, na tisa zilitoa mmoja mmoja.

2. Mche ulikuwa na sentimita 4 mwishoni mwa wiki ya 5 na sentimita 13 mwishoni mwa wiki ya 11. Tafuta wastani wa kasi ya ukuaji.

Jibu: Sentimita 9 kwa wiki 6, yaani sentimita 1.5 kwa wiki. Usisahau kipimo, namba peke yake haijakamilika.

3. Miche miwili imetoka kwenye mbegu moja ya limao, na kila mmoja una kromosomu 18 katika seli zake. Rafiki yako anasema lazima iwe mapacha wanaofanana. Mjibu.

Jibu: Si lazima. Mche mmoja unaweza kuwa umetokana na zaigoti, ukapata kromosomu 9 kutoka kwenye yai na 9 kutoka kwenye chavua. Mwingine unaweza kuwa umetokana na seli ya nuselasi iliyogawanyika kwa mitosisi, na kromosomu zake zote 18 ni za mama. Idadi ni sawa lakini jeni hazilingani. Yote miwili ikiwa imetoka kwenye nuselasi, hapo kijeni itafanana, isipokuwa kama kumetokea mabadiliko ya ghafla ya jeni.

4. Mkulima wa Matombo ana mlimao unaozaa sana. Anataka miti mingine kumi iliyo kama huo, izae mapema. Apande mbegu au abebeshe? Toa sababu mbili.

Jibu: Abebeshe macho ya mlimao huo kwenye miche ya limao kali, baada ya kuhakikisha mti mama hauna ugonjwa. Macho yote yana jeni za mti mama, wakati baadhi ya mbegu za limao hutoa miche ya zaigoti iliyo tofauti. Pia macho yametoka kwenye tawi lililokwisha kuvuka kipindi cha utoto, kwa hiyo miti itatoa maua mapema kuliko iliyoanza kwenye mbegu. Mtahiniwa akiandika kwamba mbegu zote za limao zingetoa miti tofauti na mama, hoja ya kwanza ataipoteza.